Siku ya Kwanza Mbele ya Mnasihi

Ndugu msomaji, katika safu hii nimekwisha kuandika mara nyingi juu ya chanjo, homa za watoto na lishe ya mama mjamzito. Leo naomba ruhusa yako nizungumzie maradhi yasiyo na kipimo cha damu, ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuyatambua ndani ya ukoo wetu.

Mdogo wangu alijifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Sote tuliomzunguka tulikuwa na dawa moja tu: jikaze, Mungu atakupa mwingine. Mimi, kwa kuwa ndiye dada mkubwa, nililitamka neno hilo kuliko wote. Miezi minane ikapita. Usingizi ukamhama, chakula akakiona shubiri, na wageni wakibisha hodi hujifungia chumbani. Hatimaye muuguzi wa kliniki alitushauri twende kwa mnasihi katika hospitali ya mkoa.

Ni dhahiri kwamba wengi wetu tukisikia habari za tiba ya akili, mawazo hukimbilia Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mnamo mwaka 1927, ambayo jina lake watu wamelifanya tusi la mitaani. Ndiyo sababu mdogo wangu alijitanda kanga mpaka usoni pale kwenye benchi, asije akaonwa na jirani. Lakini waliokuwa katika foleni walikuwa watu kama sisi: mwalimu akisahihisha madaftari, mzee na mkewe, na kijana mwenye sare ya chuo.

Yafaa tuelewe kwamba mnasihi si daktari wa magonjwa ya akili. Daktari aweza kuandika dawa. Mnasihi hutibu kwa mazungumzo. Mara nyingine mgonjwa huwahitaji wote wawili, na hapana aibu katika hilo.

Siku ya kwanza huwa zaidi ni siku ya maswali. Utaulizwa shida ilianza lini, walalaje, walaje, watumia dawa gani, na nyumbani waishi na nani. Pengine utaulizwa kama umewahi kufikiri kujidhuru. Usistuke, swali hilo halipandikizi wazo baya, bali humfungulia njia aliyekuwa akilificha. Mazungumzo huchukua kama dakika 45 hadi saa moja, kisha hupangwa siku ya kurudi. Mnasihi hana budi kukueleza pia habari ya siri: usemayo hayatoki nje, isipokuwa pale uhai wako au wa mwingine unapokuwa hatarini, au mtoto anapodhulumiwa.

Nami niliombwa kwa heshima nikae nje. Nakiri kwamba nilikasirika. Si mimi niliyemleta? Mdogo wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu, nikadhani ameumizwa.

"Amekwambiaje?" nikamwuliza.

"Hajaniambia kitu, dada. Ameniuliza kama mtoto nilimpa jina."

Kumbe alikuwa amempa. Kwa miezi minane, katika nyumba iliyojaa mama, shangazi na dada, hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

Wapo watakaosema kwamba maneno matupu hayatibu. Hao na watazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi katika mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Hatua ya kwanza ya kazi yao huitwa kwa Kishona "kuvhura pfungwa", yaani kufungua akili. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za mji huo na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliopata mazungumzo hayo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hata hivyo, usiende ukitarajia muujiza. Mnasihi hatakuamulia kama uachane na mumeo au uhame kazi; atakusaidia uione njia, na kutembea utatembea mwenyewe. Huenda jioni ya siku ile moyo ukawa mzito kuliko asubuhi, kwa maana kidonda kilichofunuliwa huuma kabla ya kupona. Na ikiwa baada ya siku kadhaa waona hamwelewani, mwambie waziwazi, au omba mwingine. Hutakuwa umemvunjia heshima.

Kabla ya kwenda, andika katika kipande cha karatasi mambo mawili matatu yanayokusumbua na majina ya dawa unazotumia, kwani ulimi husahau mbele ya mgeni. Nasi jamaa tunaosindikiza tuna wajibu wetu: kusubiri nje, na kutomhoji mgonjwa njia nzima.

Mdogo wangu bado anakwenda. Hajapona kabisa, ila usingizi umeanza kurudi, na Jumapili iliyopita alikaa nasi mezani mpaka chakula kikaisha. Siku hizi nasi nyumbani tunalitaja jina la mtoto. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mara nyingine sisi jamaa ndio tunaomfundisha kuyaficha.