Meza ya Miguu Mitatu

Yapata miaka elfu mbili iliyopita, katika nchi ya Galilaya, alikuwapo mwanamke mmoja ambaye kila Ijumaa aliwasha tanuri lake la mikate ilhali hana unga. Ilikuwa saa ambayo majirani zake huoka mikate ya Sabato, na moshi hupanda juu ya kila nyumba. Aliona haya nyumba yake peke yake kukosa moshi. Kwa hiyo alitia tanurini kitu cha kufukiza, ili wapitao njiani wadhani kwamba na kwake pia kunaokwa.

Mumewe alikuwa Rabi Hanina ben Dosa, mcha Mungu aliyesifika kwa dua zake. Habari zao zimo katika Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria, mijadala na visa vya Wayahudi uliotungwa huko Babeli, katika nchi ya Iraki ya leo. Husimuliwa humo kwamba walimwengu wote walipata riziki kwa ajili ya wema wa Hanina, naye mwenyewe alitosheka na kipimo kidogo cha karobu kutoka Ijumaa hadi Ijumaa. Karobu ni tunda la mti, ganda refu lenye utamu kidogo, umbo lake likikaribia la ukwaju. Lilikuwa chakula cha maskini na cha mifugo.

Nakiri kwamba kila nisomapo habari hii, moyo wangu huwa kwa mke kuliko kwa mume. Mume alikuwa na sifa zake. Mke alikuwa na tanuri tupu pamoja na jirani. Jirani huyo, mwanamke mwenye husuda, alijua fika kwamba nyumba ile haina kitu, akaja kubisha hodi ili aushuhudie uwongo wa ule moshi kwa macho yake. Mwenye nyumba akakimbilia chumba cha ndani kwa fedheha. Lakini jirani alipochungulia akakuta tanuri limejaa mikate, na chombo cha kukandia kimejaa kinyunga! Akapaaza sauti, alete upesi mwiko wa kuopolea kabla mikate haijaungua. Mwenye nyumba akajibu kwamba hicho hasa ndicho alichokuwa amekifuata ndani. Yeyote aliyewahi kuinjika sufuria ya maji matupu wageni wakiwapo atalielewa jibu hilo.

Muujiza wa siku moja haukuondoa dhiki ya siku zote. Hatimaye mke akamwuliza mumewe wataendelea kuteseka hivyo mpaka lini. Hanina hakumkemea, wala hakumhubiria uvumilivu. Alimwuliza tu la kufanya, naye akamshauri aombe wapewe chochote. Akaomba. Kikatokea kitu mfano wa kiganja cha mkono, kikampa mguu mmoja wa meza, wa dhahabu tupu.

Hebu tufikiri, dhahabu kiasi hicho ndani ya nyumba ya karobu! Ingelinunua unga wa miaka mingi. Lakini katika ndoto ikaonekana kwamba huko Akhera watu wema wameketi kula kwenye meza za dhahabu zenye miguu mitatu, na meza yao wawili hao ina miguu miwili tu. Mguu waliopewa ulikuwa umechomolewa kwenye hazina yao wenyewe. Hanina akamwuliza mkewe kama ataridhika kila mtu ale kwenye meza kamili, na wao kwenye meza yenye kasoro. Safari hii mke ndiye aliyeuliza la kufanya, kisha akamwambia aombe mguu urudishwe. Ukarudishwa. Wanazuoni wakasema muujiza huu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kwa desturi mbingu hutoa, wala hazitwai walichokwisha kupewa watu.

Kisa hiki aghalabu hutolewa kuwa mfano wa kuridhika na kidogo, na ni kweli. Ila watu hupita haraka mahali palipo na uzito. Mwanamke yule aliruhusiwa kulalamika, akasikilizwa, akapewa. Ridhaa yake aliitoa mwenyewe baada ya kuishika dhahabu mkononi, na mumewe hakuthubutu kuirudisha kabla ya kumwuliza.

Katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa mnamo mwaka 200, yamo maneno ya Ben Zoma, kijana mwenye akili kali ambaye hakupata kutawazwa kuwa rabi, ndiyo maana huitwa kwa jina la baba yake tu. Yeye alifundisha kwamba tajiri ni yule aifurahiaye sehemu yake. Ushahidi aliutoa katika Zaburi, mahali panaposifiwa mtu alaye jasho la mikono yake mwenyewe. Basi kwa Ben Zoma sehemu ya mtu imefungamana na kazi yake. Makombo ya meza ya mwingine hayakutajwa.

Wenziwe hawakukubaliana wote. Rabi Tarfon alisema tajiri ni mwenye mashamba 100 ya mizabibu, mashamba mengine 100, na watumwa 100 wa kuyalima. Naye Tarfon mwenyewe alikuwa mtu wa mali. Rabi Meir alisema ni yule apataye utulivu katika alicho nacho. Rabi Akiva, aliyewahi kulala juu ya majani makavu pamoja na mkewe wakati wa baridi, alisema ni mwenye mke wa matendo mema. Rabi Yose akasema tajiri ni yule ambaye choo chake kiko karibu na meza yake. Wako wanaolicheka jibu hili. Mimi silicheki, wala nadhani hawatalicheka wasomaji wanaopanga chumba kimoja mjini, mahali ambapo choo kimoja hungojewa na milango sita alfajiri.

Swali linabaki: je, mafundisho haya si dawa ya usingizi ya kumlaza mnyonge? Yangekuwa hivyo kama yangesimama peke yake. Lakini Torati hiyo hiyo inayokataza kutamani nyumba ya jirani inamwamuru mwajiri amlipe kibarua maskini ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua. Wanazuoni wakaifafanua amri hiyo kwa kuuliza mtu huyu alipanda ngazi kwa nini, alining'inia mtini kwa nini, akajitia katika hatari ya kufa, kama si kwa ajili ya ujira wake? Wakasema anayeuzuia ni kama anayemnyang'anya uhai. Ujira uliozuiliwa umo katika sehemu ya kibarua, hata kama bado uko mfukoni mwa tajiri; kuudai si tamaa.

Kuhusu mke wa Hanina, jina lake Talmudi haikulitaja. Imetaja tanuri lake, moshi wake, na yale maswali mawili, la mume na la mke, kuhusu la kufanya.