LORI HUPINDULIWA BOHARINI, SI KWENYE KONA

Ndugu wanachama,

Kila lori lipindukapo twasikia neno lile lile: "Dereva alikuwa mzembe." Maiti hawajaondolewa njiani, na tajiri amekwisha nawa mikono kama Pilato. Mimi ni mtu wa Reli, na neno hilo silikubali.

Shemeji yangu ni dereva wa lori. Mwaka jana alipakiziwa magunia ya mahindi mpaka yakapita bodi, akaambiwa afike Mombasa kabla ya alfajiri. Malipo yake ni ya safari, si ya mwezi, akichelewa, hukatwa. Kwenye kona moja lori likalala ubavu. Taniboi wake tulimzika. Yeye yuko nyumbani na mguu uliovunjika, na tajiri asema hana deni naye, kwa kuwa alikwenda mbio.

Ni kweli, alikwenda mbio. Lakini nani aliyemharakisha? Na nani aliyepanga mzigo ule?

Gari husimama imara kwa mambo mawili: upana kati ya magurudumu yake, na uzito wake kukaa chini. Ukiupandisha mzigo juu, umelifanya gari kama mtu akimbiaye penye utelezi na mtungi kichwani. Tena kwenye kona, mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya kulisukuma gari nje huongezeka mara 4. Lori la petroli lililojaa nusu lina hatari yake, maana mafuta huyumba yakahamia upande mmoja. Kisha ukingo wa lami ukiwa umemegeka, gurudumu hutumbukia. Dereva aliyechoka hushtuka, huvuta usukani kwa nguvu, na gari lapinduka. Tajiri humwona dereva peke yake. Magunia, tairi zilizokwisha na usingizi wa siku mbili havioni.

Tumezika wengi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikwenda kuteka mafuta, moto ukawaka, zaidi ya 100 wakafa. Oktoba 2018 basi lililosafiri usiku lilipinduka Fort Ternan, zaidi ya 50 wakafa. Sheria ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori ipo. Lakini tajiri huhesabu safari, hahesabu kona.

Kwetu Relini, behewa lililopakiwa kupita kipimo haliruhusiwi kuondoka stesheni. Kona ina mwendo wake uliowekwa, na reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani. Dereva wa treni haambiwi, "Nenda tu, Mungu yupo." Kwa nini ndugu yake wa barabarani aambiwe hivyo?

Kwa hiyo twataka:

1. Dereva alipwe kwa mwezi, si kwa safari.
2. Safari ndefu iwe na madereva wawili.
3. Aliyesimamia upakiaji atie sahihi yake, naye ajibu gari likipinduka.
4. Dereva akatae gari lililopakiwa vibaya, wala asifukuzwe.

Wako watakaosema jambo hili si la watu wa Reli. Wakumbuke ya kuwa mwisho wa mwezi, tukienda makwetu kuwaona watoto, wengi wetu twapanda basi.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli