Taveta–Holili: Barabara fupi, makaratasi marefu

Kutoka mji wa Taveta, Kenya, hadi Holili, wilayani Rombo, Tanzania, ni kilomita chache tu. Lami ipo, na kituo cha mpakani ni cha kisasa. Hata hivyo, siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, bado kuna wafanyabiashara wadogo wanaovusha mizigo yao kwa njia za panya. Kwa nini mtu aiache lami apite mashambani? Tuanzie nyuma kidogo.

Mpaka ulipita wapi?

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari wa kugawana nchi: kutoka pwani hadi Ziwa Jipe, kisha katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, na kuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa kaskazini. Taveta ikabaki kwa Waingereza, mlima kwa Wajerumani. Watu waliokuwa wakiuziana mazao wakajikuta wako chini ya serikali mbili.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza walishindwa katika kilima cha Salaita Februari 1916, wakaurudisha mji mwezi uliofuata. Ili kubeba askari na vyakula walijenga reli kutoka Voi hadi Taveta, ikaenda kuungana na reli ya Tanga na Moshi pale Kahe. Njia hii ya Voi–Taveta–Moshi ilipanuliwa kwa ajili ya jeshi, biashara ikafuata.

Kufungwa na kufunguliwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Soko lililo upande wa pili wa barabara likawa ng'ambo kwa miaka sita.

Mwaka 2013 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa barabara ya Arusha–Holili/Taveta–Voi. Kipande cha Mwatate hadi Taveta, kilichokuwa cha vumbi, kikawekwa lami. Februari 2016 kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kikazinduliwa. Sasa msafiri husimama mara moja tu: anayeingia Tanzania humaliza taratibu za nchi zote mbili Holili, na anayeingia Kenya huzimaliza Taveta.

Kwa lori lenye wakala wa forodha, mabadiliko haya ni makubwa. Kwa mama mwenye magunia mawili ya vitunguu, kikwazo hakikuwa lami. Kikwazo ni makaratasi, na hofu ya kuulizwa asichokijua.

Haki ambayo wengi hawaitumii

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Masharti yake ni haya:

- Mzigo usizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani.
- Bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa.
- Mwenye mzigo ajaze cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa hapohapo mpakani.

Ukitimiza hayo, hulipi ushuru wa forodha, na huhitaji wakala. Lakini ukaguzi wa afya ya mimea na taratibu za uhamiaji vinabaki palepale. Hapo ndipo wengi hukwama: mtu husikia "hakuna ushuru", anafika dirishani anaulizwa cheti kingine, na safari nyingine anaona heri njia ya panya.

Njia ya panya nayo ina gharama yake. Mzigo ukikamatwa, huna karatasi ya kujitetea. Ukiombwa "kitu kidogo", huna pa kulalamika, kwa kuwa wewe mwenyewe umepita pasiporuhusiwa.

Amri za ghafla

Tatizo lingine liko juu ya uwezo wa mkulima. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti cha usalama. Sumukuvu ni hatari ya kweli kwa mlaji. Lakini mwenye kampuni anaweza kupata cheti haraka, ilhali mwenye magunia matano hubaki na mzigo wake.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya katapila. Ni masharti yote kubandikwa mpakani kwa Kiswahili, huduma za ukaguzi kupatikana hasa siku za soko, na amri mpya kutangazwa kabla mtu hajapakia. Nawe msikilizaji, kabla ya kubeba mzigo, uliza mambo matatu: bidhaa yangu imo kwenye orodha? Inahitaji cheti cha afya? Cheti cha uasili najaza dirisha gani? Na kila unapolipa, dai risiti.