Baipola Haitibiwi kwa Harusi

Harusi ikikaribia tunashughulikia hina, singo, nguo na mahari. Kuna jambo jengine ambalo familia nyingi hulificha mpaka nikaha ipite: maradhi ya baipola.

Baipola ni maradhi ya akili yanayopandisha na kushusha hali ya mtu kupita kiasi. Si kununa asubuhi na kucheka jioni. Mara nyingi huanza ujanani, umri ule ule wa kuposwa.

Aina ya kwanza, mtu hupanda sana kwa wiki nzima au zaidi. Halali wala hachoki, anasema mfululizo, anatapanya pesa, anajiona anaweza kila kitu. Wengine hulazimika kulazwa. Aina ya pili, kupanda kwake ni kwa chini zaidi, siku 4 au zaidi, na watu husema tu mashaallah, leo kachangamka. Lakini kushuka kwake ni kuzito: wiki 2 au zaidi za huzuni, uchovu, pengine hata kutamani kufa. Ndiyo maana wengi hudhaniwa wana sonona tu. Aina ya tatu, saiklothimia, ni kupanda na kushuka kusikofikia makali hayo, lakini huendelea kwa miaka 2 au zaidi.

Sasa tuseme ukweli. Ile kauli ya "muozeni, atatulia" inawaumiza watoto wetu. Shughuli za harusi zenyewe ni kukesha, na kukosa usingizi ni katika mambo yanayoamsha maradhi haya. Bi harusi akiacha vidonge ili mume asivione, maradhi hurudi, na hapo ndipo huambiwa kapandwa na shetani. Tumsomee, naam, kisomo ni chetu. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kutafuta dawa. Kidongo Chekundu ni hospitali kama hospitali nyengine, kwenda huko si fedheha.

Kwa hiyo tunashauri, bibi, mchumba aambiwe kabla ya nikaha. Si mtaa mzima, yeye na anayehusika. Akiondoka, kheri aondoke sasa kuliko kukurudisha kwenu na mtoto mkononi. Na kama ni yeye mwenye maradhi, nawe una haki ya kuambiwa.

Pili, muone daktari kabla ya kushika mimba. Dawa ya valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kuacha dawa ghafla nako ni hatari. Baada ya kujifungua maradhi hurudi kwa urahisi, basi arubaini ile mama apate mtu wa kumpokea mtoto usiku ili alale.

Tatu, Ramadhani. Anayetumia lithiamu akikosa maji mwilini, dawa inaweza kuzidi kwenye damu ikamdhuru. Aulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Na nyinyi mama wakwe, mke anayemeza dawa yake kila siku na kulala kwa wakati anaweza kulea, kufanya kazi na kuishi na mumewe kwa wema. Msimhesabie vidonge kama aibu. Mkumbusheni avimeze.

Allah awape shifa wagonjwa wetu wote. Amin.