UCHAMBUZI: Kabla ya kulaumu virusi, wakazi wa Busia na Malaba wachunguze umeme

KOMPYUTA ya nyumbani inapojizima na kujiwasha upya bila kuamriwa, wengi katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba hukimbilia kwa fundi, naye fundi aghalabu hutoa hukumu ileile: mashine ina virusi, kila kilichomo kifutwe na programu ziwekwe upya. Mwenye mashine hulipa, hupoteza picha na hesabu zake, na wiki moja baadaye tatizo hurudi pale pale.

Hasara hiyo si ndogo kwa mji wa mpakani. Tangu Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia mnamo Februari 2018, shughuli nyingi zilizokuwa za karatasi zimehamia mitamboni. Wakala wa forodha hujaza stakabadhi za mizigo kwenye kompyuta, mfanyabiashara hutoa ankara kupitia mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya ushuru, KRA, na kila mlipa ushuru hutakiwa kuwasilisha ripoti yake ya ushuru kufikia Juni 30. Mnamo Juni 2023, Serikali ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa kwenye jukwaa la eCitizen. Kwa hivyo kompyuta iliyo kwenye meza ya sebuleni imegeuka kuwa afisi, na ikizimika katikati ya fomu, kazi ya saa nzima huenda na maji.

Dhana kwamba kila kompyuta ijizimayo ina virusi haikuzuka hivi hivi. Mnamo Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani kupitia intaneti na kushambulia mashine zilizotumia Windows XP na Windows 2000. Kidirisha kilitokea, kikahesabu sekunde 60, kisha mashine ikajiwasha upya. Mwaka uliofuata kirusi kingine, Sasser, kilifanya vivyo hivyo. Mafundi wa kizazi hicho walijifunza somo hilo na wakawarithisha wanafunzi wao. Hata hivyo, nyakati zimebadilika. Wahalifu wa mtandaoni wa leo huiba nywila na fedha, na kwa sababu hiyo hupenda mashine iendelee kufanya kazi kimya kimya pasipo mwenyewe kushtuka. Virusi wangali wapo, lakini si mshukiwa wa kwanza tena.

Mshukiwa wa kwanza anapaswa kuwa umeme. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna kisanduku ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao hapa nchini ni wa volti 240, na kuupunguza hadi volti chache zinazohitajika na mashine. Kisanduku hicho kikiwa kipya na kikibeba mzigo wake wote, huweza kustahimili kukatika kwa umeme kwa takriban milisekunde 16 tu, yaani sehemu 16 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kikizeeka, uvumilivu huo hupungua. Kwa hivyo umeme ukiyumba kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, taa huonekana kana kwamba imecheza tu, ilhali kompyuta imekwisha kujiwasha upya.

Eneo la magharibi mwa Kenya liko mbali na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme ya Olkaria na ya mto Tana, na kawi husafirishwa mwendo mrefu kabla ya kufika Busia. Mnamo 2025, ilikiriwa hadharani kwamba baadhi ya sehemu za magharibi zilikuwa zikikatiwa umeme saa za jioni kwa kuwa mahitaji yalizidi uwezo wa nyaya. Giza lililotanda nchini Agosti 25, 2023 na Septemba 6, 2024 lilizua kelele nyingi, lakini si giza la aina hiyo linalowatatiza wengi kila siku. Mtaani, kinu cha kusagia mahindi au mashine ya kuchomelea vyuma inayotumia transfoma moja na nyumba za jirani hufyonza umeme mwingi papo inapowashwa, na volti za majirani hushuka. Anayeishi karibu na karakana ya aina hiyo hana haja ya kutafuta mchawi mbali.

Mshukiwa wa pili ni joto. Vumbi la barabarani huingia ndani ya kompyuta, hujaa kwenye feni na kuziba vyuma vya kupoza prosesa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujizima yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni bayana: mashine huwaka vizuri asubuhi, kisha huzimika baada ya nusu saa ya kazi nzito au saa za mchana wa jua kali. Tiba yake ni brashi laini na hewa ya kupuliza, mashine ikiwa imezimwa na waya kuchomolewa. Kisanduku cha pawasaplai chenyewe kisifunguliwe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

Washukiwa wengine ni vibao vya kumbukumbu, yaani RAM, na vijipipa vidogo vilivyo kwenye ubao mkuu viitwavyo kapasita. Kapasita iliyovimba kichwani au kuvuja imekwisha kufa. Ila hiyo iliangusha mashine nyingi zilizoundwa miaka ya mwanzo ya 2000, na mnunuzi wa kompyuta kuukuu hana budi kuitazama kabla ya kutoa pesa. Kumbukumbu nayo hupimwa kwa programu iliyomo ndani ya Windows yenyewe, bila malipo.

Isitoshe, Windows imepangwa tangu kiwandani kujiwasha upya kila inapopata hitilafu kubwa. Tabia hiyo huficha ujumbe wa kosa lililotokea. Mtumiaji anaweza kuiondoa katika mipangilio ya mfumo, ili skrini ya buluu isimame na nambari ya kosa isomeke. Aidha, kumbukumbu za matukio ya mashine huonyesha tukio nambari 41 kila mara kompyuta ilipozimika bila kufuata utaratibu. Tukio hilo halisemi ni nani mkosa, bali husaidia kukadiria saa ambayo kosa lilitendeka.

Saa hiyo ndiyo ufunguo wa kesi nzima. Mwenye kompyuta aweke daftari na kuandika siku, saa na hali ya taa kila mashine inapojizima. Ikiwa ni jioni na taa zilififia, lawama ni ya umeme. Ikiwa ni baada ya kazi nzito, ni joto. Ikiwa ni usiku wa manane na mashine haikuguswa, huenda Windows ilikuwa ikijisasisha. Ikiwa ni wakati wowote, hata kipakatalishi kikitumia betri yake, basi umeme wa ukutani hauna hatia na fundi aangalie RAM na ubao mkuu. Wiki mbili za daftari hutosha kumwepusha mtu na gharama ya kufutiwa kila kitu bure. Na kabla ya fundi kugusa chochote, faili zinakiliwe kando.

Anayegundua kuwa kosa ni la umeme anunue betri ya akiba iitwayo UPS. Stabilaiza hurekebisha volti zilizopanda au kushuka, lakini haiwezi kutoa umeme uliokatika. UPS nayo ina betri inayozeeka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na ikifa huwa pambo.

Hata hivyo, si haki mzigo wote uachiwe mwananchi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inatambua kuwa mteja aliyepata hasara kwa sababu ya umeme duni anastahili fidia. Wengi hushindwa kuidai haki hiyo kwa kukosa ushahidi. Malalamishi yasemayo kwamba umeme ni mbaya hupuuzwa kwa urahisi, lakini orodha ya tarehe na saa kutoka nyumba kumi zinazotumia transfoma moja ni vigumu kuitupa kapuni, iwe katika afisi ya Kenya Power au mbele ya mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA.

Serikali iliyohamishia huduma zake kwenye mitambo ina wajibu wa kuhakikisha kuwa waya unaofika kwa mwananchi wa Busia na Malaba unazistahimili. Mpaka hapo itakapotimiza wajibu huo, daftari la shilingi chache litamfaa mwenye kompyuta kuliko fundi anayefuta kila kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza sharti ujue ufa uko wapi.