Mtoto anayeachwa nyuma ana sababu yake

Februari 1998, huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa huyo, aliyestaafu akiwa na medali 8 za dhahabu za Olimpiki, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akarudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Boit hakuwa mvivu. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 aliyejifunza kuteleza akiwa tayari mtu mzima, miaka miwili tu kabla ya mbio hizo. Kuchelewa kwake kulikuwa na sababu.

Hapa kwetu Pasiansi, mtoto anayebaki nyuma kwenye mchakamchaka huitwa mvivu, na wakati mwingine huchapwa. Mzazi, kabla ya kukubali jina hilo, tafuta sababu.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Mtoto huyu ana upungufu wa damu, huchoka haraka, na viungo humuuma, hasa akipigwa na baridi au akikosa maji. Kichocho, kinachoambukizwa kwa kuoga na kucheza ziwani, huleta maumivu ya tumbo na damu kwenye choo. Minyoo na malaria ya mara kwa mara nayo hupunguza damu. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri yanaweza kuharibu valvu za moyo. Wengine wana pumu.

Mpeleke kituo cha afya apimwe damu, choo na selimundu. Ikibidi, atapewa rufaa, hata hadi Bugando. Usisubiri kabisa iwapo anazimia au kifua kinamuuma anapokimbia, anapumua kwa shida, midomo inageuka rangi ya bluu, au viganja vimekuwa vyeupe.

Akishajulikana tatizo, asifungiwe ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwenye selimundu acheze, ila anywe maji mengi, apumzike anapochoka na asilazimishwe kushindana. Mwenye ugonjwa wa moyo apangiwe kiwango na daktari. Mzazi amweleze mwalimu hali ya mtoto, ikiwezekana kwa barua ya daktari.

Nanyi walimu wetu, anayefika wa mwisho msimsubiri na fimbo. Mwulizeni kwanza anajisikiaje.