Mbwa Mkubwa Si Mbwa Mkorofi

Ndugu zetu mnaoishi Washington na vitongoji vyake, tuambizane ukweli. Familia nyingi za kwetu zikitaka mbwa hukimbilia kununua mtoto wa mbwa kwa dola nyingi, huku mbwa wakubwa, wazima na wenye nguvu, wakisubiri nyuma ya nondo kwenye shirika la Arlington linalotunza wanyama tangu 1944, au kituo cha kaunti ya Montgomery kule Derwood. Tukiuliza sababu, tunajibiwa: samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo ni ya samaki. Mbwa mkubwa hujifunza, tena kimo chake unakiona kabla ya kumchukua. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu.

"Lakini anaruka-ruka mno!" Sisi wahandisi tunajua kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Mbwa akifungiwa ndani saa nzima nzima, nguvu zake zitaishia kwenye makochi. Mpeleke Rock Creek alfajiri na jioni, kwa kamba isiyozidi futi 6 kama sheria ya hifadhi inavyotaka. Mfundishe kila siku. Nguvu zile zile zitageuka utii.

Anayefanya kazi shifti mbili na hana wa kumsaidia, asichukue mbwa wa namna hii. Kumrudisha baada ya wiki mbili ni kumwadhibu mnyama kwa uvivu wa binadamu. Wenye nafasi, waende wakamchukue anayeruka-ruka.

Tunaomba kutoa hoja.